Nukta Zitazamane

Gereji, 4 Machi

Kwa Kaka,

Hatujambo huku. Baba anakula vizuri, magoti yanamsumbua asubuhi tu, na macho ni yale yale: mwanga anauona, mtu anamtambua kwa hatua zake. Natumaini nawe u mzima na kazi ya kuuza injini huko yadini inakwenda.

Baba ndiye aliyesema nikuandikie. Nalisema hilo mapema usije ukadhani nimekukumbuka ghafla.

Shangazi ameua injini. Naona bado tunamwita hivyo, jina ulilolipa lori wewe kwa sababu haliamki asubuhi bila kunung'unika. Tulikuwa tunapanda mlima wa kiwanda cha unga, magunia arobaini mgongoni, akaanza kugonga. Nilizima papo hapo, lakini kilichotokea kilikuwa kimeshatokea. Pampu ya oili ilikuwa imechoka siku nyingi bila kumwambia mtu. Tulivutwa kwa kamba mpaka gerejini, na mtaa mzima ukatoka nje kutazama kama vile hawajawahi kuona gari likivutwa.

Sasa kuna njia mbili. Tuifumue injini yote, tuchonge kranki inayozungushwa na pistoni, tubadilishe vilivyoisha na kuisuka upya. Au tuiweke kando, tutie nyingine iliyotumika. Mimi nasema tuifumue. Injini ya kununua ni mgeni, hujui alikuwa analala wapi. Hii naijua nati kwa nati. Nilimwambia Baba hivyo, akasema, "Muulize kaka yako. Yeye anaona injini nyingi."

Kaka, miaka kumi na moja nimelala chini ya magari ya watu hapa. Tangu macho yake yafifie, mimi ndiye ninayemshika Baba mkono na kuuweka juu ya injini ili aniambie kwa vidole ninachokiona kwa macho. Mteja akija, Baba anamwambia, "Nina kijana anauza injini mjini huko." Mimi ananitaja lini? Akitaka chai. Na ovaroli lako bado limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Langu nalikunja nalilaza juu ya mtungi wa gesi, kwa sababu nimeambiwa msumari ule una mwenyewe.

Mwenye kiwanda cha unga ametupa mpaka mwisho wa Aprili. Siku hiyo ikipita, kazi ya kupeleka unga kwa waoka mikate ataikabidhi lori jingine, na sisi tutabaki kuziba pancha. Kwa hiyo jibu upesi. Barua mpe dereva wa basi, huyu huyu aliyekuletea hii.

Mdogo wako,
Spana Kumi (ndivyo ulivyokuwa ukiniita; siku hizi wengine wananiita Fundi)


Yadi, 12 Machi

Mdogo wangu,

Mfikishie Baba shikamoo yangu, na umsugue magoti kwa mafuta ya moto hata akikataa. Mimi mzima, ni mafua tu ya vumbi la hapa. Shikamoo yako sikuiona. Niliigeuza barua nyuma na mbele nikidhani imeandikwa pembeni.

Jibu langu ni hili: badilisha. Ipo injini hapa ya aina ile ile. Lori lake liliteleza likalala ubavu likiwa bado changa, bodi ikaharibika, injini haikuguswa. Nimeiwasha mwenyewe ikiwa juu ya stendi na nimekaa nayo nusu saa nikiisikiliza. Wiki ijayo inaweza kuwa kwenu, ndani ya siku mbili umeifunga, na Shangazi amerudi kazini. Kuifumua ile ya zamani kutakula mwezi na zaidi, na mwezi huo hamna.

Kuna jingine, bora niliseme tu. Sitaki injini ile ifunguliwe. Unajua kilichomo. Kila atakayetoa sampu ya oili chini yake ataiona shingo ya tatu ya kranki, inaposhikwa na mkono wa pistoni, ilivyo nyembamba kuliko wenzake, na atauliza ni nani aliyefanya vile. Baba atamjibu nini?

Umeandika kwamba unamshika Baba mkono na kuuweka juu ya injini. Mstari huo niliusoma mara tatu, nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Msumari chukua. Ovaroli litupe ukitaka. Mimi ningeutaka huo mkono. Nilitolewa gerejini nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenishika mkono akaniambia, hapa gusa, hapa sikiliza. Wewe unanuna kwa sababu hakutaji mbele ya wateja. Hakutaji kwa sababu upo. Anakuita na unaitika.

Nataka Baba asikie injini niliyoichagua mimi ikiwaka, hilo tu. Kama ni wivu, basi andika kwamba kaka yako ana wivu na umsomee.

Kaka yako


Gereji, 20 Machi

Kaka,

Salamu zako zimefika na magoti yamesuguliwa. Baba amesema mafuta yalikuwa ya moto mno, kwa hiyo ujue yu mzima kabisa.

Umechelewa. Nimeshaishusha injini na kuifungua. Sikungoja jibu lako kwa sababu nilikuwa nalijua.

Injini yako siitaki, na nitakuambia sababu bila kuzunguka. Ikiingia kwenye Shangazi, Baba atakaa mlangoni kwenye kile kiti chake alichokichomoa kwenye gari bovu, na kila asubuhi atakusikiliza wewe. Atawasimamisha wapita njia wasikilize naye. "Hiyo kijana wangu ameichagua," atawaambia, na mimi nitakuwa mtu wa kuongeza maji kwenye rejeta. Wivu ninao pia, tena wangu ni mkongwe kuliko wako. Nimekuwa nao tangu meno ya utoto na sioni haya nao.

Lakini nimekwama. Iliyogonga ni ile ile ya tatu. Nilisukuma kranki kwa mkokoteni mpaka kwa fundi mchongaji wa vyuma, yule anayevaa miwani mbili kwa pamoja. Akaipima, akavua miwani moja, akaipima tena. Shingo zile nyingine zinachongeka. Ya tatu imefika mwisho, akiitia kwenye jiwe tena itakatika barabarani. Ilichongwa sana mara ile.

Nilimpelekea Baba habari, akaomba aishike. Akapitisha kidole gumba shingo moja moja, kwa taratibu yake ile, mpaka ya tatu, akatulia hapo. Akasema, "Hii ni ya yule kijana." Nilitega sikio nisikie hasira. Haikuwepo. Alilisema kama mtu aliyekuta kiatu cha mtoto nyuma ya kabati. Nikamnyang'anya kranki nikaiweka chini kwa kishindo.

Basi nameza mate machungu na naandika hivi: nitafutie kranki. Kranki tupu, si injini. Hii itabaki injini ya Baba, na atakayeisuka ni mimi. Hapo yadini hamwezi kukosa kranki moja.

Mdogo wako,
Spana Kumi


Yadi, 29 Machi

Mdogo wangu,

Nashukuru naamka na kulala salama. Nanyi nawaombea hivyo hivyo. Shikamoo bado sijaiona, nadhani dereva anaila njiani.

Kumbe nina faida. Kranki ipo, haijawahi kutiwa kwenye jiwe hata mara moja. Unajua iko wapi? Imo ndani ya injini ile niliyokuambia. Nikiitoa, injini yangu inabaki chuma chakavu. Yaani unaniomba niiue yangu ili yako ipone, halafu wewe ndiye uitwe fundi. Roho yako ngumu, hilo nakupa.

Tena mimi sifungui injini. Hujui hilo kwa sababu hujawahi kuuliza. Miaka kumi na moja ninauza injini na sijafungua hata moja. Naziwasha, nazisikiliza, naziandika kwa chaki ubavuni, basi. Za kufungua wanafungua wengine. Wenzangu wanadhani naringa, nachelea kuchafuka kucha. Kweli ni kwamba nikishika spana ya kumi na saba mkono unakumbuka.

Baba alituimbia kanuni ile mpaka tukawa tunaiota. Kabla ya kufungua mkono wa pistoni, chukua panchi na nyundo, gonga nukta kwenye mkono na nukta kwenye kofia yake, kile kipande cha chini kinachoikumbatia kranki. Wa kwanza nukta moja, wa pili mbili, mpaka wa nne. Siku ya kufunga, nukta zitazamane. Kofia ikigeuzwa, nukta zinapeana mgongo, na kranki inaliwa.

Siku ile aliponiachia nifunge peke yangu, nilizitazama. Nilizitazama mara mbili kwa tochi, zote nne. Nikazishikiza nati kwa vidole tu, nikaenda kunawa mafuta ili spana isiniteleze, nikarudi nikakaza, nikafunga sampu. Siku ya tatu Shangazi akagonga. Baba akafungua mbele yangu, na kofia ya tatu ilikuwa imegeuka. Akaniambia, "Mikono yako haina macho. Nenda ukatafute kazi isiyoua vyuma vya watu." Sikumjibu. Ningejibu nini, na nukta zilikuwa pale pale?

Tangu hapo nabishana na macho yangu mwenyewe. Nikifunga mlango wa chumba narudi kuusukuma mara tatu. Nikiona mzee yuko chini ya gari na mwanawe, mmoja anashika tochi mwingine anakaza, nageuza njia, na ninawachukia watu ambao hata hawanijui. Basi nakuuliza wewe kwa sababu ulikuwepo, ulikuwa unaosha nati kwenye beseni la mafuta ya taa. Nilizitazama, au nadhani tu kwamba nilizitazama? Nijibu hilo moja na kranki itapanda basi.

Kaka yako


Yadi, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui kama mko salama, maana hamsemi. Mara mbili nimekwenda kulipokea basi, na dereva ananitikisia kichwa hata kabla hajashuka.

Mwisho wa Aprili si mbali. Kama hukumbuki, andika kwamba hukumbuki. Ulikuwa na miaka kumi na minne na beseni la nati, siwezi kukulaumu kwa kutoangalia kazi ya mtu mwingine.

Nimeanza kuifungua injini yangu. Sikungoja jibu, kama wewe ulivyofanya. Kwenye nati ya kwanza niliitoa spana na kuirudisha mara tatu. Kwenye ya sita sikurudia tena. Wenzangu waliacha chai yao wakaja kusimama, na mmoja akaniuliza nani amenifundisha kushika spana vile. Nikamwambia ni Baba yangu. Nilikuwa sijalisema hilo kwa mtu yeyote hapa.

Andika hata mstari mmoja.

Kaka yako


Gereji, 19 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Baba mzima. Mimi si mzima, lakini si ugonjwa.

Ulizitazama. Zote nne zilikuwa zinatazamana. Aliyeigeuza ya tatu ni mimi.

Barua yako ya mwezi uliopita naijua kwa moyo, na kila nikichukua kalamu nilikuwa naanza na habari za Baba, za mvua, za mwenye kiwanda, mpaka karatasi inajaa. Leo nimeanza na hilo ili nisipate pa kukimbilia.

Asubuhi ile nilivaa ovaroli la zamani la Baba, nimelikunja miguu mara nne. Wiki nzima alikuwa akiniambia, "Kesho utafunga kofia moja." Kesho yenyewe ilipofika akasema, "Leo kaka yako atafunga mwenyewe. Wewe osha nati." Sikulia. Nikakaa na beseni. Wewe ulikuwa chini ya lori unapiga mluzi, na mluzi ule ndio ulionichoma. Ulikuwa wa mtu asiyejua kwamba kuna mwingine anataka. Ulipokwenda kunawa, nilitambaa chini, nikazitoa nati mbili za ya tatu, nikaigeuza kofia, nikazirudisha kwa vidole kama ulivyoziacha. Sabuni ulikuwa bado hujaisuuza.

Sikutaka kumuua Shangazi. Wala sikutaka ufukuzwe, hilo naweza kuapa ingawa kiapo changu leo hakina uzito. Nilikuwa na hakika Baba atakagua. Baba alikuwa anakagua kila kitu chetu, hata kamba za viatu. Nilijua atachuchumaa na tochi, ataiona, atakufokea kidogo, kisha atasema, "Njoo wewe mdogo, uifunge." Picha niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo tu. Ulipotoka chini ya lori ukasema umemaliza kukaza, yeye akakupiga begani akasema, "Funga sampu. Leo sikagui."

Hakuwahi kusema hivyo kabla ya siku ile. Nilikuwa nimesimama pale na beseni mkononi na mdomo wangu ulikuwa mzima. Nikajiambia nitasema jioni. Jioni mlikula mnacheka. Nikajiambia nitasema kesho. Siku ya tatu Shangazi akagonga, ukaambiwa uliyoambiwa, na wewe ukayakubali kwa kunyamaza, na mimi nikaona kumbe inawezekana kunyamaza.

Wiki iliyofuata Baba aliniita akanipa kofia zote nne nizifunge. Nilizifunga vizuri, hata yeye alishangaa. Sijawahi kuionja sifa yoyote niliyopewa hapa ikaniingia moyoni, na bado nimezitaka zote, hata zile chache alizokuwa akikutumia wewe kwa mbali.

Usitume kranki. Siwezi kuipokea. Ifunge injini yako, na kazi ya unga aichukue atakayeichukua.

Mdogo wako


Yadi, 27 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya ndoo, injini yangu iko mbele yangu wazi. Nilikuwa na maneno mengi. Niliyaandika karatasi tatu nikazichana. Yaliyobaki ni haya.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama mikono yangu. Niligeuza viganja, nikavitazama kama vya mtu niliyemsingizia. Hasira ilikuja baadaye, na mpaka sasa ipo, inakula nami na kulala nami. Ulikaa mahali pangu, ukashikwa mkono niliopaswa kushikwa mimi, halafu ukaniandikia kulalamikia msumari. Na mimi nilikuonea wivu kwa haki. Sikujua hata kwamba ni kwa haki.

Mwambie Baba. Usimwandikie, usimtume mtu, usingoje siku atakayokuwa na furaha. Nikimwambia mimi nitakuwa nashtaki, na kushtaki sitaki, nimeshindwa kufanya hivyo hata kwa barua.

Kranki nimeitoa. Nimeifunga kwenye blanketi langu, nikaitia gunia, imekaa nyuma ya mlango wa chumba changu. Kila nikiingia naigonga kwa kidole cha mguu, naikumbuka familia. Barua yako ya kuniambia umesema sitaiamini, nisamehe kwa hilo. Baba akishajua, yeye mwenyewe anitumie neno kwa mdomo wa dereva. Nikilisikia, gunia litapanda.

Kaka yako. Nilijaribu kutia sahihi kwa namna nyingine, nikaona hakuna.


Gereji, 18 Mei

Kaka,

Shikamoo, na ya pili ni ya barua zile zisizokuwa nayo. Baba hajambo, anasema magoti yamepona, ni uongo. Natumaini mafua yamekuacha, maana najua unalala bila blanketi na blanketi lako liko hapa.

Gunia limefika salama. Barua haikuwemo. Nilikung'uta blanketi mara mbili.

Nilimwambia Jumapili ya kwanza ya Mei, asubuhi, hakuna mteja. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti chake. Nilisema yote, hata mluzi. Chai yake ilipoa mkononi. Nilipomaliza akauliza, "Alizifunga zinatazamana?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena kwa maneno yale yale, nikasema tena ndiyo. Akaweka kikombe chini. Kisha akasema, si kwangu, "Siku niliyoiamini mikono yake sikukagua. Siku ya tatu nikaitukana."

Hakunifokea. Ningeshukuru angefoka. Siku mbili hakuniita kwa jina wala kwa "wewe". Akitaka maji alikuwa anagonga kikombe kwenye ubavu wa kiti. Jumanne akasimama, akashika ukuta, akaanza kwenda stendi ya basi peke yake. Nilimfuata nyuma kwa mbali, akasikia hatua zangu, akasema, "Rudi. Hili silisemi mbele yako." Alisimama na dereva mpaka abiria wakaanza kupiga kelele. Alichomwambia unakijua wewe. Mimi sijaambiwa, na nikuambie kweli, inaniuma kwamba nyinyi wawili mnalo neno ambalo mimi sinalo.

Kazi ya unga ilichukuliwa tarehe moja asubuhi na lori jekundu, yule dereva wake anayepiga honi bila sababu. Nilikwenda kwa mwenye kiwanda nikamwambia kosa ni langu. Amesema Shangazi akionekana barabarani kabla ya Juni kwisha tutagawana waoka mikate, nusu kwa nusu. Ni zaidi ya nilivyotegemea.

Kranki yako nimeiingiza. Fundi mchongaji alivua miwani zote mbili kuitazama, akasema hajashika shingo safi namna ile siku nyingi. Sikumwambia imetoka kwenye injini nzima. Baba alivuta kiti karibu na meza. Nilifunga kofia ya kwanza, nikachukua kidole chake nikakiweka kwenye nukta. "Zinatazamana," akasema. Ya pili vilevile. Nilipoiinua ya tatu akaifunika kwa kiganja. "Hiyo ina mwenyewe. Funga ya nne."

Nikafunga ya nne. Ndivyo injini ilivyo mpaka sasa. Kofia tatu zimekazwa, moja haipo mahali pake. Nimeiosha kwa mafuta ya taa, hiyo na nati zake mbili, nimeziweka kwenye bakuli safi na kulifunika kwa kitambaa. Bila hiyo Shangazi hatoki, na mimi sina ruhusa ya kuigusa. Juzi nilifunua kitambaa. Nilikuwa peke yangu, na ni kazi ya dakika tano, nami ninaijua kuliko kusuka nywele zangu. Niliitazama, nikafunika tena, nikaenda kufagia.

Baba aliagiza ovaroli lako lifuliwe. Sikutaka, lakini nimelifua, na kola nimeisugua mpaka vidole vikaniwasha. Linakauka nje. Dereva anasema umeulizia kiti kwenye basi la Alhamisi. Baba ameniuliza leo mara nne kama ni Alhamisi, na mara zote nne ilikuwa Jumatatu. Mimi hajawahi kunihesabia siku. Nilidhani wivu mtu akiusema unamtoka, Kaka, kumbe unabaki pale pale, ila sasa una haya kidogo.

Spana ya kumi na saba nimeilaza juu ya bakuli. Tochi ya Baba nimeitia betri mpya. Ukifika, wewe utaifunga, Baba ataikagua kwa kidole chake, na mwanga nitawashikia mimi.

Mdogo wako,
Spana Kumi